Ndege Nimeikata Nyaya, na Tanga Sirudi

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Natumaini magoti yamekupunguzia, kuku hawajaibiwa, na wewe na jirani yako wa ukutani bado mnagombana, maana siku mkipatana nitajua mmoja wenu anaumwa. Mimi mzima. Nimeliandika neno hilo hata juu ya bahasha, ili anayekuletea barua naye alisome: MZIMA.

Ningekupigia, lakini kwenye simu unasema wewe, na ukimaliza kusema unakata. Karatasi haikatwi hivyo. Vaa miwani.

Nimesikia mmekaa kikao. Mmeambiwa Selemani amezeeka, anacheza na midoli, ameanguka uwanjani mbele za watu. Basi mmeamua Ijumaa mwanao Shabani aje na gari, anibebe kama godoro, nipewe chumba cha uani na mbuzi wa kuchunga. Watu wazima mnamjadili mtu ambaye hayupo, na chai yenyewe hamkumbakishia! Dada, kuanguka nimeanguka, sikatai. Lakini hakuna aliyeniuliza nimeangukaje.

Unaikumbuka ile ndege ndogo aliyoniachia injinia wa shamba la mkonge, nilipokuwa kijana wa karakana? Ile nyekundu, ya mti mwepesi, yenye injini kama kidole gumba na kelele kuliko mashine ya kusaga. Ndiyo, iliyokutawanyia kuku. Ile haikuwahi kuruka ikaenda mahali. Ilifungwa nyaya mbili nyembamba kwenye bawa, mimi nasimama katikati nimeshika mpini, yenyewe inanizunguka na mimi nazunguka nayo kama ngamia wa kinu cha mafuta. Nikivuta waya huu inapanda, nikivuta ule inashuka. Kulia na kushoto haikuvijua. Kazi yake ilikuwa duara.

Miaka yote imekaa juu ya kabati langu. Mafuta yake siku hizi hayapatikani, na mimi nimechoka kuona kitu chenye mabawa kikizunguka kama kinatafuta kilichodondoka. Nikasema naitoa injini, natia mota ya umeme na betri, nakata nyaya, naiongoza kwa rimoti. Nataka niione ikienda. Kuna sheria?

Hapa barazani ninapotengeneza feni na pasi, meza ya jirani ni ya fundi simu. Anaitwa Neema, mama wa Kimachame mwenye watoto wakubwa na mdomo kama wako. Nikamwekea ndege mezani.

"Babu, shikamoo. Maiti ya nani hiyo?"

"Marahaba. Si maiti, imesinzia. Nataka uiamshe."

"Mimi nafufua simu. Ndege peleka kwa nabii."

"Nabii ataniombea. Wewe nataka uunganishe waya."

Akacheka, akaivuta karibu na taa yake. Mikono yangu siku hizi inapunga yenyewe hata kama hakuna anayeondoka, kwa hiyo waya zote ameunganisha yeye, na mimi nikafanya kazi ya kumkosoa. Mota na rimoti tulivipata mtaa wa nyuma, kwa wauza midoli. Betri tukaiweka mbele kabisa, pale ilipokaa injini, kwa sababu bila uzito puani ndege inainua kichwa kama bwana harusi. Mkiani tukatia usukani wa bawaba wa kugeuzia. Rangi nikapaka mwenyewe, nyekundu ile ile.

Jumapili tukaenda Jangwani, pale wanapochezea mpira. Binti yangu Zaituni akaja kutoka Magomeni, mikono kaifunga kifuani. Unamjua, tangu aanze kazi ofisini Posta ananitazama kama faili lililopotea.

"Baba, wenzako wa umri huu wako msikitini."

"Mimi hii ikiwa juu nasali kuliko wao."

Neema akairusha kwa mkono. Dada, ikapaa! Moshi hakuna, kelele hakuna, mvumo wa nyuki tu. Vijana wakaacha mpira. Nikataka inyooke iende kule ng'ambo ya goli, yenyewe ikalalia kulia. Nikaminya kushoto, ikanisikiliza kidogo kisha ikarudi kulia. Ikaanza kunizunguka. Hapo ndipo miguu ikanisaliti. Kichwa kilijua nina rimoti, lakini miguu ikaona ndege inazunguka, ikakumbuka kazi yake ya zamani. Nikazunguka nayo. Macho juu, shingo nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka Jangwani yote ikawa inazunguka na goli zake. Nikaanguka kama gunia la nazi. Ndege nayo ikaja kwenye majani, gurudumu moja likavunjika.

Zaituni akapiga kelele, "Presha! Baba ana presha!" Vijana wakanibeba, mmoja kashika rimoti, mwingine kashika kofia yangu, nikawa kama maiti ya kiongozi.

Zahanati, daktari akauliza, "Mzee, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa narusha ndege."

Akamgeukia Zaituni taratibu. "Ameanza lini kuongea hivi?"

Kabla sijavaa viatu, habari ilishafika Tanga. Hiyo ndiyo mliyoijadili.

Kesho yake Neema akaiweka ndege juu ya vidole viwili, kimoja puani, kimoja mkiani. Bawa la kulia likashuka lenyewe. Akainua, likashuka tena. "Babu, upande huu kuna nini?" Tukapasua ncha ya bawa. Ndani kipande cha madini ya risasi, kama cha mshipi wa kuvulia samaki! Na mkia wenyewe, tulipoutazama kwa mbele, umepindishwa kulia tangu unaundwa. Nikajipiga paji la uso. Ndege za nyaya ndivyo zinavyotengenezwa, dada. Zinawekewa uzito bawa la nje ili zivute kwenda nje wakati wote na nyaya zisilegee. Nililijua hilo kabla Neema hajazaliwa! Tumetoa nyaya, tukaacha kitu cha kuvutana nazo. Ingenyookaje?

Najua wewe hapo ungeshatoa hotuba nzima kuhusu mimi. Usitoe.

Risasi tukaitoa, mkia tukaunyoosha. Nikampigia Zaituni. "Njoo Jangwani. Ikiruka ikarudi miguuni kwangu na mimi nimesimama, wewe mwenyewe unawaambia Tanga gari lisije. Nikianguka, nafungasha mwenyewe, na mbuzi nitachunga."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Na hukai kwenye kiti?"

"Sikai."

Dada, nilijua ndege imepona. Niliyokuwa siiamini ni miguu. Nikafika na koleo, nikachimba pale penye mchanga, nikasimama ndani, nikafukia mpaka juu ya vifundo.

"Baba, unajizika?"

"Nusu tu. Nusu nyingine bado naitumia."

Neema akarusha. Safari hii ikanyooka. Ikapita juu ya goli, ikaenda, ikaenda, mpaka nyekundu ikawa kama punje ya kungumanga. Miguu ilijaribu, naapa, nilisikia vidole vinahangaika chini ya mchanga. Havikupata ruhusa. Sijawahi kuiona ndege yangu kwa nyuma, dada. Siku zote nimeiona ubavu.

Kuirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Inapokuja imekukabili, kushoto kwake si kushoto kwako. Nikaminya huku, ikaenda kule, ikashuka inawafuata vijana, wakalala chini wote pamoja na kipa. Na mimi siwezi kukimbia, nimejifukia! Ndipo aliyefunga mikono kifuani akaifungua. Zaituni akanishika mabega kwa nyuma, anapiga kelele sikioni, "Kushoto kwake, baba! Kwake, si kwako! Hivyo hivyo! Punguza!" Nikapunguza. Ikagusa ardhi, ikaruka kidogo, ikaburuza tumbo, ikasimama mbele yangu.

"Haijafika miguuni," akasema.

"Miguu iko chini ya mchanga. Wewe umeionea wapi?"

Akacheka mpaka akakaa chini na gauni lake la ofisini. Mimi nimesimama. Andikeni hilo kwenye kikao chenu.

Kwa hiyo Shabani akija kutembea, karibu, atakula pilau, atalala, atarudi peke yake. Baraza langu lipo hapa, feni za watu zinanisubiri hapa, na Neema ameshaanza kuniuliza kama tunaweza kuunda yenye mabawa mawili juu na chini. Siji kufia uani nikihesabiwa pumzi.

Nisalimie shemeji, mwenye redio asiyependa iguswe. Msalimie Shabani na mkewe, na yule mama mkwe wake anayenisema vizuri nikiwa mbali. Wape pole wale mbuzi kwa kunikosa.

Mimi mdogo wako uliyemlea na ukashindwa,
Selemani

Nimemlazimisha Zaituni aandike kwa mkono wake, usije ukasema nimetunga:

Shangazi, shikamoo. Ni kweli imeruka na alikuwa amesimama. Nimeshamwambia Shabani asilete gari. Ila presha iko juu kidogo kweli, daktari amemkataza chumvi na hataki kusikia. Naomba umgombeze. Zaituni.

Huyo usimsikilize. S.