Salamu Nilizokusomea Kila Jumanne

Ogweno, ndugu yangu,

Anayekuandikia ni mimi Omolo, mtu ambaye kama si yeye, timu kubwa ya Marekani ingekuwa inapitwa katikati kila wiki kwa miaka saba. Watu wa Migosi wanajua. Nikipita kwa yule mama wa chapati wanasema, huyo ndiye baba mdogo aliyemtengeneza Ouma wa Ogweno. Wanasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia, lakini si wanasema?

Najua hukujua kusoma ulipokuwa hai na sidhani wamekufundisha huko. Usijali. Nitakuja Asembo na karatasi hii, nisimame karibu na kichwa chako, nikusomee polepole vile ulivyopenda. Tumezoea hivyo.

Kwanza habari za nyumbani. Mama Ouma yuko salama, amekonda kidogo. Mbuzi kumi na mmoja uliowaacha ameuza tisa, akabaki na yule wa kahawia na mwanawe, anasema hao walikuwa wanakufuata mpaka mlangoni. Kile kigoda ulichokuwa unakalia hapa kwangu bado kipo chini ya tangi la maji. Juzi mpangaji wa nyumba nambari sita aliweka beseni la nguo juu yake, tukakosana vibaya. Nilimwambia hicho ni kiti cha baba wa mchezaji. Kisha nikakasirika tena, maana hata nikigombana mwenyewe, kwenye ploti ninayosimamia mimi, sifa inakwenda kwako.

Acha niseme ukweli, omera, ndugu yangu. Nimekuonea wivu tangu Ouma avae ile kofia ya chuma ya mpira wa Kimarekani. Na kufa kwako hakukunipunguzia.

Mazishi yako! Hema nne. Viti vilipungua vikaletwa kutoka kanisa la pili. Wanafunzi walitoka Maseno na simu zao, wakapanda hadi kwenye ukuta wa choo ili wampige Ouma picha. Tulipokwenda kufukuza kifo na ng'ombe, jinsi tunavyomfanyia mwanamume aliyekuwa na boma lake, nilitangulia mbele na mkuki wa baba. Fahali mmoja akageuka akaja kwetu, na Ouma na goti lake bovu akamkabili, akamshika, akamlaza chini. Watu mia mbili waliona. Sawa, alikuwa ndama. Lakini alikuwa ndama mkubwa, na mimi nilikuwa karibu sana, upande wa pili wa ua.

Halafu Ouma akaitandaza jezi yake ya uwanjani juu ya jeneza lako, mgongo ukiangalia juu. OGWENO. Herufi kubwa kama za kibao cha duka. Nililia mpaka vijana wakanishika mabega. Nusu ya kilio kile kilikuwa cha ndugu yangu. Nusu nyingine, unaijua.

Kwa sababu ni nani aliyeandika jina lile? Ni mimi. Siku Ouma alipopata nafasi ya kwenda kucheza mpira wa kikapu katika chuo cha huko, kabla kocha wa ule mpira wa kofia hajamwona na kusema mwili huu unapotea bure, mliniletea fomu ya pasipoti kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu katika ukoo. Nilifika kidato cha pili, si mchezo. Nilikaa nayo mezani nikaiangalia. Ningeweza kuandika Ouma Nyagudi, jina la baba yetu, wengi wanafanya hivyo. Leo ningekuwa nageuza jezi ile nasema, soma hapo, Nyagudi, huyo ni mimi pia. Lakini nilifuata desturi kama mjinga. Mtoto huchukua jina la baba yake aliyemzaa. Nikaandika Ogweno kwa mkono wangu, na herufi nikazitengeneza vizuri.

Na ile siri yake ya kukaba, ilitoka wapi? Unakumbuka yule beberu mweusi aliyetoroka siku ya soko, ulipokuja na mbuzi sita kutoka Rarieda? Wanunuzi wanakimbia huku na huku wanamvamia, beberu anaonyesha kichwa kushoto, anapita kulia. Ouma alikuwa na miaka kumi. Ulisimama tu, mkono mfukoni, ukamwambia, "Kichwa kinakudanganya. Angalia kiuno." Akaangalia kiuno, akamrukia, wakaviringika pamoja hadi kwenye magunia ya dagaa wa omena.

Basi miaka mingi baadaye, Wamarekani wakamuuliza kwenye televisheni yao anawezaje kujua mbeba mpira atapita wapi. Akasema, baba yangu anauza mbuzi. Wakacheka. Akawaeleza kiuno. Niliitazama ile video kwenye simu mara nyingi, nikingoja atakapofika kwangu. Maana beberu yule alitoroka kutoka mkononi mwa nani? Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba! Ningeishika vizuri, kijana angejifunza nini siku ile?

Na bado alikaa kwangu Migosi miaka mitano. Mitatu. Ogweno, ulikuwa muhula mmoja, ile mvua ilipobomoa darasa lao. Lakini alikula sana muhula ule. Mifupa ile ilikomaa hapa.

Kazi yake niliielewa kuliko wewe, hilo hutanibishia. Ni mimi niliyekueleza kwamba huko wachezaji wamegawanywa, kuna wa kubeba mpira na kuna wa kuzuia, na wa kubeba ndio wanaoimbwa, na wa kuzuia ndio wanaoumia. Uliniuliza, "Kwa hiyo kazi ya mtoto wangu ni kusema hapana?" Nikasema ndiyo. Ukafurahi siku nzima.

Hizo Jumanne zetu. Unamaliza soko, unakuja na harufu ya mbuzi, unakaa kwenye kigoda, unavua kofia kana kwamba uko kanisani. Simu yako ilikuwa ile ya tochi, kwa hiyo Ouma alikuwa anaandika kwenye yangu. Wakati wa msimu wao alikuwa anachoka, saa zetu na zake hazipatani, ndiyo maana kupiga aliachia Jumapili moja moja. Anaandika Kizungu kile kigumu cha huko, mimi nakugeuzia. Nilikusomea mwaka wa kwanza alipokaa benchi, anaingia tu mpira ukipigwa mbali, anakimbia mbio zote zile ili ajigonge kwa mtu kisha atoke. Nilikusomea siku aliyowekwa katikati ya ukuta, yeye ndiye anayepanga wenzake, wewe huku, wewe kule. Siku aliponyakua mpira wa wengine angani akakimbia nao mwenyewe, ulisimama ukajigonga kichwa kwenye bomba la tangi. Siku timu ile ilipomwacha, sikujua nitakusomeaje. Ukasema, "Mwambie aende soko lingine." Akaenda, akacheza miaka minne zaidi. Na goti lilipokatika, hukutaka kusikia habari za goti, ulitaka kujua kama anakula.

Na kila mwisho wa ujumbe kulikuwa na salamu. Nilikusomea: "Na unisalimie sana baba mdogo Omolo, maana bila yeye nisingefika hapa." Zilibadilika kidogo wiki kwa wiki. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa. Kisha unasema, "Rudia hapo anapokusalimia." Ninarudia. Ulikuwa unanitazama usoni ninapoirudia, unatabasamu, mpaka mimi ndiye naangalia pembeni.

Sasa nikupeleke tena mazishini. Ouma alipopewa kipaza sauti nilifunga vifungo vyote vya koti. Nilisogea viti viwili mbele, ili nikitajwa nisimame bila kukanyaga watu. Alieleza beberu. Alieleza jinsi ulivyouza mbuzi wote ili apate tikiti ya ndege, hata yule uliyekuwa umemweka kwa ajili ya kutibu meno yako. Alisema miaka saba alivaa jina la mtu asiyejua kulisoma, na kila akiumia alilikumbuka liko mgongoni. Watu walilia. Nikangoja. Akamrudishia mchungaji kipaza sauti.

Nilikaa na vifungo vyangu.

Siku ya kwenda uwanja wa ndege alipita Migosi asubuhi. Alikaa kwenye kigoda chako, magoti yakamfika kidevuni. Akasema, "Baba mdogo, kuna kitu sijakuuliza. Baba alikuwa ananishukuru kila nikimpigia, eti nafanya vizuri kukusalimia. Alisema nisiache, kwa sababu wewe unasubiri sana kusikia jina lako." Kisha akaangalia mikono yake, ile mikubwa yenye vidole vilivyopinda. "Sikumwambia kitu," akasema.

Ndugu yangu, mimi Omolo, ambaye nimewahi kumzungumzisha askari wa kaunti akasahau kunikamata, nilikwenda kufunga bomba la tangi lililokuwa limefungwa tayari.

Hakuna salamu hata moja iliyokuwemo. Miaka saba. Kijana alikuwa anaandika habari zake, anauliza kifua chako, anauliza mbuzi, anasema kwaheri. Salamu nilizitunga mimi nikiwa nimeshika simu mbele yako. Wiki ya kwanza nilitia moja tu nione itakavyosikika. Ukafurahi. Basi nikashindwa kuacha. Na wewe ukamshukuru mtoto kwa kitu ambacho hakufanya, naye akabeba uongo wangu kimya, kama anavyobeba mambo yote, bila kuniangusha mbele yako. Mtu ambaye kazi yake ni kuangusha watu.

Sasa nenda salama, Ogweno. Lala upande wako wa kulia, kifua kilikuwa kinakuachilia ukilalia huo. Nikija kukusomea hii nitamletea Mama Ouma sukari, na nitafunga lile lango linalolia. Tena nakuahidi jambo moja: Jumanne ya kwanza ya kila mwezi nitakuja na simu, nitakusomea alichoandika Ouma, neno kwa neno, hata kama hamna langu ndani. Akiandika mistari miwili, nitasoma miwili.

Ila wiki iliyopita umefika ujumbe. Nitakusomea wa kwanza huo. Anasema amefika salama, anafundisha vijana kukaba, amening'iniza kofia yako ukutani. Na mwishoni anasema, asante baba mdogo kwa kumsomea baba. Imeandikwa, Ogweno, iko hapa, ningekuonyesha kama ungeweza kuona. Na wewe hutajua tofauti, kwa sababu nimekusomea za uongo mpaka ya kweli ikikufikia itakuwa na sauti ileile.

Na hili pia, acha nimalize. Siku ile kwenye kigoda, kabla hajainuka, mimi ndiye niliyemwomba aniandikie hiyo moja.

Ndugu yako mdogo,
Omolo