Chumba cha Ng'ambo ya Korongo

Mjukuu wangu Anjelina,

Huku Buger tu wazima na maharage yametoa maua. Mama yako anakusalimu. Ila tangu uniulize kama upange kile chumba cha bei nafuu pembezoni mwa Arusha, nawe huna usafiri na kazi inaanza alfajiri, moyo wangu haujatulia.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi jikoni, kwenye hoteli ya watalii Karatu. Tulifunga chakula cha wageni kabla magari hayajaondoka kwenda kreta kuona wanyama. Nilikwenda kuona chumba wakati wa kiangazi, korongo lililo kati yake na hoteli likiwa kavu. Mwenye nyumba akaniambia, "Binti, hapa na kazini kwako ni pua na mdomo." Nikahamia.

Masika yalipoingia, asubuhi moja nikakuta korongo limejaa maji mekundu. Nikasimama ukingoni, viatu mkononi, nikijua kazi inaniponyoka. Fausta, mwenzangu wa jikoni, alitumwa kunitafuta. Akanicheka kutoka upande wa pili: "Leo utaruka kama tumbili?" Kisha akasema, "Maji yakipungua, hamia kwangu. Kitanda chembamba, lakini tutafika kazini."

Tuligawana kodi mpaka nilipoolewa.

Basi, mama, kabla ya kumjibu dalali, itembee ile njia alfajiri uone kama ina gari na watu. Waulize na wenzako wanalala wapi.

Umesema dalali anataka jibu Jumamosi. Nipigie Ijumaa, hata kama hujaamua. Simu ikiwa kimya, nitapanda basi nije tuitembee wote.

Bibi yako,
Magdalena