Kazi ya Picha Inayochelewa

Kiganjo, Thika

Mama yangu mpendwa,

Habari ya hapo nyumbani? Natumaini goti limepoa kidogo na unaweza kushuka mtoni bila fimbo. Mahindi mmeshapalilia? Mimi mwili uko salama. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu Faith hukaa karibu nawe akasikia kila kitu, na haya sitaki mwanangu ayasikie hivyo.

Mama, ile kazi imeisha.

Uliwahi kuniuliza ni kazi gani hiyo ya kufanyia nyumbani, nikacheka. Wacha nikueleze sasa. Nilikuwa nachora ramani za nyumba kwa ofisi moja ya ng'ambo. Kompyuta yenyewe iko huko kwao. Mimi naletewa picha yake tu kwa intaneti. Nikisogeza mausi hapa Kiganjo, mshale unasogea kule, halafu picha inarudi ndio nione. Netiweki ikiwa dhaifu, picha inakuja vipande vipande. Siku moja nilibonyeza kufuta mstari mmoja. Sikuona kitu kikibadilika, nikabonyeza tena, na tena. Picha ilipofika, jiko lote lilikuwa limefutika.

"Nekesa, mbona unaharibu kazi?" mkubwa wangu akaniuliza.

"Siharibu. Picha inachelewa kunifikia."

"Sisi hapa tunaiona vizuri."

Ili picha iwe nyepesi, nilipunguza rangi, nikatoa mapambo yote, skrini ikabaki kama gazeti kuukuu. Ilisaidia kidogo tu.

Wanjiru, yule tuliyesoma naye uchoraji, alikuwa akiifanyia kazi ofisi hiyo hiyo kutoka Ruiru, na nyumba yake ilikuwa na intaneti ya waya. Akaniambia, "Kuja tukae. Nafasi iko." Nikahamia kwake. Mama, mshale ulikuwa unaenda na mkono wangu. Hapo ndipo nilikupigia nikasema Faith atakuja kuanza shule huku.

Kisha waliokuwa wakichimba mtaro wa barabara wakakata waya. Mafundi waliahidi kuja, hawakuja. Tukabaki na netiweki ya simu, na tukiingia sisi wawili pamoja, hakuna anayeona kitu. Ofisi ikaandika kwamba watatupima asubuhi moja, na ambaye picha yake inachelewa ataachishwa kazi.

Wanjiru alisoma, akanigeukia. "Wewe uko na mtoto," akasema. "Mimi nitazima yangu."

"Watakufuta."

"Wacha wanifute. Akibaki mmoja si ni afadhali?"

Akazima, akakaa kitandani, mikono katikati ya magoti, hata simu hakugusa, mpaka nikamaliza. Yeye aliachishwa siku hiyo hiyo. Mimi nami wiki haikuisha kabla ya kuandikiwa kwamba laini yangu bado iko chini, wanatafuta watu wenye intaneti nzuri. Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma mwenyewe. Akasema tu, "Haya, njoo unywe chai."

Nyumba ikatushinda. Wanjiru amerudi kwa wazazi wake Kalimoni, analima sukuma wiki. Huwa ananijulia hali, na mimi naona haya hata kumjibu. Nimerudi Kiganjo kwa chumba kimoja. Mchana niko kwa saiba moja, duka la kompyuta, huko Makongeni, nawachapia watu barua. Nimeomba kazi zingine za aina ile. Kabla hata ya kuuliza ninajua nini, wanapima laini. Jibu ni lile lile. Sioni mahali pengine pa kujaribu.

Nisalimie Papa, na umwambie asiuze ng'ombe kwa ajili yangu. Msalimie khocha Wafula, ndugu yako, nashukuru anavyotulimia lile shamba la juu. Senge Nafula, dada ya Papa, aniombee pamoja na kina mama wenzake wa kanisa.

Mama, mpeleke Faith shule ya hapo karibu. Kila tukiongea huniuliza kama kitanda chake cha huku kiko upande wa dirisha, nami nimekuwa nikimwambia ndiyo. Mwambie wewe, polepole, ukiwa umemkalisha karibu nawe. Akiuliza nitakuja kumchukua lini, usimtajie mwezi. Hata mimi siujui.

Ni mimi binti yako,
Nekesa