Jeremi, Ile Kosa Niliiona

Jeremi, mudogo wangu,

Kwenye matanga yako watu walisema mimi, Asimwe, niko na moyo mugumu, sikutoa hata chozi. Haikuwa ugumu. Ilikuwa wivu. Nakuambia weye, juu weye njo nilikuonea.

Wakati mulifika kutoka Djugu, weye na mama yako, mukikimbia wale waliochoma kijiji chenu, mulipata chumba nyuma ya kanisa yetu hapa mutaa wa Lumumba. Kwetu kulikuwa ordinatere moja, yaani kompyuta, na mimi nilikuwa nafanya kazi ambayo hakuna mutu mu Bunia aliielewa: kuchukua michezo ya ordinatere ambayo watu wametunga na kuacha kode yake, yale maandishi yanayoiendesha, wazi kwa wote, kuirekebisha ikubali kutembea mu mufumo wetu wa kuendesha mashini, wa aina ya Unix, kisha kuifunga vizuri ili mutu popote aandike neno moja tu, aipate. Ulisimama mulangoni, ukaniita kama dada yako mukubwa, ukauliza, "Yaya Asimwe, na wenye michezo wanakubali?" Nilicheka. Nikakuvutia kiti.

Mimi njo nilikufundisha. Kusoma makosa kuanzia ile ya kwanza, si ya mwisho. Kuandika ile fishe, faili inayoambia mashini kode itolewe wapi na ijengwe namna gani. Mwaka haukuisha, na weye ukanipita. Kazi yangu, wakubwa wa mufumo, watu wa mbali ambao hatujawahi kuwaona, walikuwa wananirudishia mara tatu, mara ine. Yako walipokea siku ileile. Kisha wakakupa ruhusa ya kuingiza kazi yako mwenyewe bila kuuliza mutu. Ulikuja mbio kuniambia, jasho inakutoka. Nikakupongeza, "Felisitasio, Jeremi." Kisha nikarudia kazi yangu.

Hata mama yangu alikuwa anakupakulia sombe, mboga ya majani ya mihogo, kabla yangu.

Halafu ukaleta ule muchezo wa kujenga kijiji. Uliufanya peke yako, haukuniuliza kitu. Niliufungua siku ileile, nikajenga, nikahifadhi, nikafunga. Nilipourudia, kijiji hakikuwamo tena. Nikaelewa mara moja: weye ulikuwa unaujaribu na ruhusa ya mukubwa wa mashini, yule anayeweza kuandika popote. Mutu wa kawaida hana ruhusa ya kuandika mu ile nafasi muchezo ulikuwa unahifadhia, na muchezo ulikuwa unakubali kimya, kama vile umehifadhi kweli. Dawa yake ilikuwa mistari tisa.

Sikukuambia. Nilitaka wengine waione ile kosa yako.

Waliiona. Watu wakaandika malalamiko, na mukubwa mumoja akakuuliza mbele ya wote kama ulijaribu kazi yako kweli. Ulikuja kwangu macho chini. "Yaya, nilikosea wapi?"

Nilikuwa nachambua maharagi. Sikuinua hata kichwa. "Sijui. Tafuta."

Ulikuwa ungali unatafuta wakati shangazi yako alikuita Kasenyi, pembeni ya ziwa, umusaidie na samaki. Moto, ile pikipiki uliyopanda, ikateleza mu muteremuko, na haukuamuka tena. Jeremi, ulipanda ile moto ukifikiri weye njo mujinga.

Kisha barua zikaanza kufika, za watu wa inchi ambazo siye tulikuwa tunaona mu karte ya dunia tu. Wakasema jina lako litaandikwa mwanzoni mwa toleo jipya la mufumo. Na hata pale, unisamehe, hata na kitambaa cha matanga kichwani, nilijiuliza: mimi nikikufa, nani ataandika? Waliniomba nishike michezo yako. Nikafungua ile fishe, mahali pa jina la mwangalizi, nikafuta lako, nikaandika langu. Nikaliangalia. Nilifurahi, Jeremi. Nilifurahi kweli. Nikasema nitaituma kesho.

Kesho yake mama yako akakuja. "Nionyeshe kazi ya mutoto wangu." Nikamukalisha pa kiti chako. Hakuwa amegusa mashini hata siku moja, nikamushika mukono. Polepole akajenga nyumba mbili, jiko kando, shamba ya mihogo nyuma. Akaangalia muda murefu. "Sawa vile kwetu," akasema, akaenda akitabasamu. Sikuthubutu kumuambia kwamba haitabaki.

Siku iliyofuata akarudi na jirani yake, amuonyeshe. Nikafungua. Majani matupu.

Mama yako akainama karibu na ekra ya mashini, akatafuta na kidole. Kisha akauliza, bila hasira, sauti ya chini kabisa:

"Na humu pia wamechoma?"

Pale njo nililia. Mbele yao wote wawili, kama mutoto. Nikamuambia: hapana mama, hakuna mutu amechoma, ni kosa, na mimi nilikuwa naijua. Sijui kama alielewa yote. Alinishika bega, akaniacha niandike. Ile mistari tisa niliiandika yeye amekaa pembeni. Nikarudisha jina lako mahali pake. Na mu barua ya kupeleka kazi niliandika kwa wakubwa wote: hii kosa niliiona kabla yenu, nikaificha juu ya wivu, Jeremi aliniuliza na nikamudanganya.

Mumoja tu alijibu: "Imepokelewa." Tangu pale kazi yangu wanaiangalia mara mbili zaidi. Ile ruhusa yako sijapata, na labda sitapata.

Mama yako alijenga tena. Tukafunga, tukafungua. Imebaki. Sasa anakuja kila juma kuongeza kitu. Majuzi alikosana na mama yangu juu ya mahali pa kuweka kuku.

Michezo miwili uliacha katikati nimeianza. Ya kwanza inakataa kutoa sauti. Weye ungaliimaliza kwa asubuhi moja, na nikifikiria vile, bado nakuonea. Sitakuahidi kwamba wivu itaisha, ungecheka. Naahidi hii moja: mutu akikuja kwangu na kuuliza alikosea wapi, na mimi naona, nitamuambia.

Lala salama, mudogo wangu. Haukuwa mujinga.

Yaya yako,
Asimwe