Bawa la Kushoto

Jericho, Nairobi
8 Machi 1998

Kwako Mjomba Opicho,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye mguu wake umepata nafuu. Natumai wewe na ng'ombe wako hapo Kimilili mnaendelea vyema.

Mjomba, nina habari. Shule moja ya urubani inatoa nafasi moja ya bure kwa vijana wa Eastlands. Nimepita mtihani wa kuandika. Mwezi wa Juni mwalimu anayeitwa Maingi atatupandisha ndege, mmoja mmoja. Mwisho ni umri wa miaka ishirini na mitano, nami ndiyo nimeitimiza, kwa hiyo sitapata nafasi mwaka mwingine.

Siogopi. Pale chuo cha kompyuta ninapofanya kazi kuna mchezo wa ndege za vita, na kila jioni nikishafunga mlango narusha. Vijana wa hapa wananiita Kapteni. Wewe uliyerusha za kweli kabla jeshi la anga halijakuvua sare, niambie: je, zinafanana?

Mpwa wako,
Javan

Kimilili
29 Machi 1998

Mpendwa Javan,

Tumshukuru Mungu kwa mguu wa mama yako. Huku mvua imechelewa, lakini tunapumua.

Barua yako nimeisoma nikaenda kusimama nje kidogo. Tangu nivuliwe sare, hakuna mtu aliyeniuliza habari za ndege.

Nijibu hili kwanza. Ukimfukuza adui, ukakata kona kali, mwendo ukafa na bawa moja likadondoka, unafanya nini? Miguu yako iko wapi?

Mjomba wako,
Opicho

Jericho
19 Aprili 1998

Mjomba,

Hatujambo. Mama anakusalimu, anasema ulete mahindi ukija.

Miguu iko chini ya meza, Mjomba, haina kazi. Kuna fimbo ya usukani tu. Bawa la kushoto likidondoka, nasukuma fimbo kulia, linanyanyuka. Nimelinyanyua mara nyingi hata sifikirii tena.

Mpwa wako,
Javan

Kimilili
3 Mei 1998

Javan mwanangu,

Salamu baadaye. Acha mchezo huo leo.

Bawa lililodondoka limeshindwa kushika hewa. Ukilinyanyua kwa mkono, unazidi kulizamisha, na ndege inageuka chali. Shusha pua kwanza, kisha kanyaga pedali ya upande wa pili. Mkono utulie. Rafiki yangu Gordon alitumia mkono karibu na ardhi, nami nikitazama.

Sisi tulifanya mazoezi kwenye kiti. Kaa kwenye stuli ya jikoni, shika mpini wa ufagio katikati ya magoti, weka matofali mawili mbele uyakanyage kama pedali. Funga macho. Sema kwa sauti: pua, mguu. Fanya hivyo mpaka mama yako akuone umerukwa na akili.

Mjomba wako,
Opicho

Jericho
14 Juni 1998

Kwako Mjomba,

Natumai u mzima. Sisi tu wazima.

Nilifanya ulivyosema. Mama alicheka, akauliza kama ndege yangu inaweza kumfikisha sokoni kununua sukuma wiki. Kila siku niliandika katika shajara: stuli, pua, mguu. Lakini kazi yangu iko chuoni, Mjomba, na kompyuta iko pale pale mbele yangu. Jioni nyingine nilicheza. Nilijiambia miguu na mkono havitagombana.

Jana nilipandishwa ndege. Hakuna aliyekuwa ameniambia juu ya joto lile, harufu ya mafuta, wala jinsi kifua kinavyokuwa kizito kwenye kona. Kule juu Maingi alipunguza mwendo mpaka ndege ikaanza kutetemeka. Bawa la kushoto likadondoka. Akasema, "Iokoe."

Mdomo wangu ulisema pua, mguu. Nilijisikia nikisema. Mkono ulikuwa umeshakwenda kulia.

Tuligeuka chali. Niliona mashamba juu ya kichwa changu. Maingi alichukua usukani, akatutoa, tukatua. Akafungua mkanda, akasema taratibu, "Ungekuja hujui lolote, kijana, ningekufundisha."

Nafasi amepewa Wayua, msichana wa mtaa wa Lucky Summer. Hajawahi kugusa kompyuta.

Mpwa wako,
Javan

Kimilili
5 Julai 1998

Javan,

Pole, mwanangu. Njoo ukae nami kidogo. Stuli zipo mbili. Mkono uliofundishwa unaweza kufundishwa upya, hata kama hakuna ndege inayoungoja.

Mjomba wako,
Opicho

Kimilili
20 Septemba 1998

Javan,

Mama yako amenitumia salamu kwa mtu, anasema huongei ukirudi nyumbani. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba wako,
Opicho

Jericho
22 Novemba 1998

Mjomba,

Tuko wazima. Ufagio nimemrudishia mama, matofali nimeyatoa nje.

Bado naenda chuoni. Kila jioni bawa la kushoto linadondoka, nalinyanyua kwa mkono, nalo linanyanyuka. Nikianguka nabonyeza kitufe, naanza tena. Vijana bado wananiita Kapteni, nami naitika.

Tafadhali usiniandikie tena habari za ndege.

Javan