Kifua cha Mia na Kumi

Jumatatu, 9 Juni 1997

Mashati matano ya polisi leo. Yote kupanua makwapa. Waligawiwa mwezi wa pili na yaliwakaa vizuri, sasa yanapasuka. Nimefumua mishono mpaka vidole vinauma. Uzi wa bluu unakwisha, na kule madukani Asiatique wanasema hauji mwingine mpaka ambargo, vikwazo vya nchi jirani, iondoke.

Rajabu, mume wangu, naye kaleta la kwake. Kifua 108. Mwezi wa pili kilikuwa 99. Vipimo vyao wote vimo kwenye buku langu, kwa hiyo najua nani anakua na kwa kasi gani. Mtu wa miaka thelathini na minne haongezeki sentimita tisa kwa kula maharage.

Wenyewe wanasema ni mazoezi. Kila jioni wako garaji, nyuma ya msikiti, wananyanyua ekseli ya lori. Kisha wanaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia la gunia, kwa yule mzee tunayemwita Dokta Ng'ombe. Kabla ya vita alikuwa anachanja ng'ombe wa serikali. Ng'ombe wameliwa, sasa anachoma polisi. Dawa ya mafuta, inatoka Kongo, chupa hazina karatasi. Wanaiita vitamini.

Nimemuuliza Rajabu mara mbili. Mara ya pili alinitazama vibaya, nikarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 12 Juni

Nestori kaja saa sita mchana, wakati baraza haina watu. Ni mwenzake Rajabu kazini, anakaa Nyakabiga, mtu wa heshima, ananiita shemeji. Akazunguka maneno weee, mwisho akasema anataka singlendi ya kubana sana kifuani. Nilipompima nikaelewa. Ameota maziwa. Mwanaume mzima, polisi, baba wa watoto wanne.

Nimemshonea ya kitambaa cha shuka, tabaka mbili. Sikumcheka. Nilipobaki peke yangu ndiyo nikacheka, halafu kicheko kikaisha vibaya.

Rajabu hajanigusa tangu mwezi wa nne. Mgongo wake umejaa vipele vyenye usaha, shuka nafua kila siku. Nilidhani ana mwanamke mwingine. Afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningemjua anakaa avenyu ya ngapi.

Jumapili, 22 Juni

Sasa nimejua wanakimbilia nini.

Shefu wao, mkubwa wao wa kazi, anatafuta watu kumi na wawili wa kusindikiza malori yanayopanda milimani kuleta chakula. Posho nzuri, viatu vipya, picha na wakubwa. Sharti moja: kifua mia na kumi kwenda juu. Anaamini wavamizi wakiona watu wakubwa juu ya lori watakimbia. Risasi haimuogopi mtu mnene, inampata kwa urahisi zaidi, lakini nani anamuuliza fundi nguo mambo ya risasi?

Ila wananiuliza mambo ya kifua. Shefu kasema hana mizani, hana daktari, ana fundi. Tarehe mosi mwezi wa saba wote watapanga mstari barazani kwangu. Nitakachoandika ndicho kitakachokwenda kwake.

Rajabu alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Binti yetu Hadija akamuuliza kama atapanda lori kwelikweli. Akambeba mabegani, wakazunguka uani.

Mi nilikwenda kukaa jikoni. Kaka yangu Juma alikuwa dereva. Alipanda barabara ile ile mwaka juzi. Wakamrudisha ndani ya turubai, na mama alikatazwa kulifungua. Rajabu alikuwa miongoni mwa waliomshika mama mikono. Amesahau? Au hajasahau, na posho imekuwa tamu zaidi?

Jumanne, 1 Julai

Nimefanya.

Walikuja ishirini na tatu. Nawapima kama alivyonifundisha marehemu baba: futi ya kupimia naizungusha, naifunga mgongoni, nasoma mimi. Mteja asiione. Mteja akiiona futi anajaza pumzi, na nguo itamkaa ovyo. Kwa hiyo namba naiona mimi peke yangu. Miaka kumi na tano ya kazi sijawahi kumdanganya mtu hata nusu sentimita.

Nestori 112. Wengine 110, 113, 110. Mmoja 106, akaondoka bila kuaga.

Rajabu alivua shati, akasimama. Vipele vimefika shingoni. Nikazungusha futi, nikafunga. 111.

Nikasema: "Mia na tisa."

Akasema: "Pima tena, Mama Hadija." Nikapima tena. 111. Nikasema mia na tisa. Nikaandika mia na tisa, kwa wino. Nikaita anayefuata.

Sentimita moja tu, wenzake wakamwambia. Wakamgonga bega.

Jumatano, 2 Julai

Hasemi na mimi. Anadhani nimemwonea kwa kuwa mkweli mno. Kasema mke wa mwingine angempa ile moja. Nikajibu kipimo ni kipimo. Kinywa changu kilisema hivyo, bila haya.

Sijuti. Atanuna wiki moja. Mtu aliyenuna anakula, anaswali, anarudi nyumbani.

Jumatatu, 14 Julai

Shefu atabadilisha watu kila baada ya wiki sita. Kipimo kingine tarehe tisa mwezi wa nane. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani mlango nimeufunga moja kwa moja.

Rajabu kaongeza sindano. Zamani ilikuwa moja kwa wiki, sasa tatu. Nimeambiwa na jirani yangu Mama Asha, mumewe ndiye mwenye garaji. Dokta Ng'ombe ana sindano mbili tu, anazichemsha kwenye birika la chai, siku za haraka hachemshi.

Nilimwendea Dokta huyo. Nikamwomba kwa adabu, nikamwita mzee wangu, asimchome tena baba wa mtoto wangu. Akasema mumeo ni mtu mzima, mwambie yeye. Kisha akaniuliza, eti naweza kumshonea koti jeupe? Lake limechakaa. Nikamwambia apana.

Ijumaa, 25 Julai

Leo Rajabu kampiga mtu kwenye bariyeri, pale barabarani wanapokagua watu. Si adui, si mwizi. Mwalimu wa shule, kachelewa kutoa kitambulisho. Nestori, aliyekuwa mjini kati ya safari mbili, ndiye aliyemvuta. Mwalimu kavunjika taya.

Ameniambia mwenyewe, akiwa anakula. Kwa sauti ya kawaida, mkono unachovya ugali. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akishusha sauti akipita karibu na mtoto aliyelala. Hadija siku hizi akisikia viatu vya baba yake anakwenda kukaa kwa Mama Asha. Hakuna aliyemwambia aende.

Namchukia. Nimeandika, na sifuti. Namchukia na nitampikia tena kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Kipimo cha pili. Alipovua shati hata wenzake walirudi nyuma. Kwa jicho langu tu, kama 115. Shingo imelingana na kichwa. Macho mekundu.

Nitasemaje mia na tisa? Hata kipofu angejua.

Lakini hakupimwa. Alikuwa anachechemea, na shefu mwenyewe alikuwepo leo, kwenye kiti changu. Akamwuliza mguu una nini. Rajabu akasema si kitu, shefu. Shefu akamwambia apande ngazi ya baraza mara mbili, aujaribu mguu. Ngazi nne. Ya tatu akashika nguzo. Shefu akasema: "Wewe subiri mwezi ujao." Basi. Akaita mwingine.

Nyumbani nikamvua suruali kwa nguvu. Paja la kulia lina uvimbe wa ukubwa wa chungwa, mgumu, moto. Hapo ndipo anapochomwa. Kasema utapasuka wenyewe.

Nilitakiwa kufurahi. Nilichokuwa nataka nimekipata, hakwenda.

Jumatano, 20 Agosti

Homa siku ya nne. Dokta Ng'ombe alikuja kuukamua uvimbe, nikamfukuza na pasi ya moto mkononi. Mtaa mzima umeona. Sijali.

Mume wa Mama Asha ametupeleka lopitali kwa pikapu ya garaji. Daktari kapasua paja. Harufu ile sitaiandika. Akaniuliza alikuwa anachomwa nini. Rajabu, na homa yake yote, akasema vitamini. Nikasema ni mafuta, daktari, dawa ya kuotesha misuli, tatu kwa wiki, sindano moja watu ishirini. Daktari hakushtuka. Kasema ni polisi wa tatu mwezi huu.

Jumanne, 26 Agosti

Paja limepasuliwa tena. Nyama inaoza kwa ndani, uchafu umeingia kwenye damu. Macho yamekuwa ya njano. Daktari anasema ini, halafu anasema figo, halafu anatazama karatasi. Dawa inayofaa haipo, ambargo. Inaweza kupatikana nyingine, ya pili yake kwa nguvu.

Nestori amekuja kumwona. Katoka milimani jana, yeye alichaguliwa tena. Ni safari ya sita wameshapanda na kushuka. Kaniletea kilo kadhaa za viazi na kabeji mbili. Nikamuuliza njia ikoje. Akasema njia shwari, shemeji, tunalala tu juu ya magunia. Hakuna aliyewarushia hata jiwe.

Mungu anisamehe. Nilitamani waliposhuka wangekuwa wameshambuliwa. Kidogo tu. Ili niwe na haki.

Viazi nimevipika. Vilikuwa vizuri. Nimekula nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 8 Septemba

Amekonda. Ule mwili wote aliotafuta kwa miezi sita umeondoka kwa wiki tatu. Ngozi imebaki imelegea mikononi. Namgeuza peke yangu.

Anaongea jambo moja. Sentimita moja tu. Anamwambia muuguzi, anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili. Anasema dawa ya kwanza ilikuwa hafifu, ndiyo iliyomkosesha ile sentimita. Akipona atatafuta ya Kongo ya chupa nyekundu.

Akipona. Nimetoka nje, nimekaa kwenye ukuta mpaka alasiri.

Kama ningesema mia na kumi na moja, angeridhika. Angebaki na ile moja kwa wiki. Angepanda lori, angelala juu ya magunia, angerudi na viazi. Sio shefu aliyemwongezea sindano. Sio Dokta Ng'ombe. Mimi nilimwambia hatoshi, na yeye akaenda kujaza nilichompunguzia.

Nimeliandika ili nisije nikajifanya silijui.

Alhamisi, 18 Septemba

Wameturudisha nyumbani. Daktari hakusema kwa nini na mi sikuuliza. Watu wa Buyenzi, mtaa wetu huu, wanajua maana ya kurudishwa.

Leo alikuwa na akili zake. Hadija alimletea uji, akanywa nusu. Mtoto alipotoka akaanza tena: sentimita moja. Nikaona siwezi. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia.

Nilisema yote. Kwamba futi ilisoma mia na kumi na moja, mara mbili. Kwamba nilisema uongo, nikaandika uongo. Kwamba ilikuwa kwa ajili ya Juma na lile turubai. Kwamba anitukane, anipige akiweza, aniache, sitasema neno.

Nilisikia cherehani ya fundi wa nyumba ya pili inaanza na kusimama.

Kisha akasema: "Ilikuwa ngapi?"

"Mia na kumi na moja, Baba Hadija."

"Mia na kumi na moja." Akacheka. Meno yote. Sijamwona akicheka hivyo tangu siku ile alipombeba Hadija mabegani. "Mi nilijua. Mi nilisikia mwilini imefika."

Akaomba uji uliobaki.

Jumapili, 28 Septemba

Mvua ya kwanza leo. Vumbi limetulia.

Nestori alikuja baada ya misa yao. Rajabu alimshika mkono akamwambia: "Mia na kumi na moja. Mwulize mke wangu." Nestori akanitazama. Yeye alikuwepo siku ile, aliisikia mia na tisa, na anajua buku langu naliandika mimi peke yangu. Aliinamisha kichwa. Akamwambia: "Ulistahili, Rajabu. Tulilijua sote." Hakuniita shemeji alipoaga.

Kamwambia pia Mama Asha, na imamu, na dada yake aliyetoka Rumonge. Kila anayeingia anapewa namba. Sauti yake sasa ni ndogo, wanainama kumsikia.

Siku kumi zimepita tangu nilipomwambia. Nakaa naye mchana kutwa, kazi nimeiweka pembeni. Nilitayarisha majibu mengi, ya ukweli na ya kujitetea. Sijayatumia. Rajabu hajaniuliza kitu juu ya uongo ule, hata mara moja.

Amelala usingizi. Nimevuta kitanda mbali na dirisha, maji yalikuwa yanaingia.