Nyoka Wako wa Chuma, Bibi

Wametoka hapa sasa hivi, Bibi. Jirani yetu Masanja na vijana wawili wa sungusungu. Ndama wake mwingine kafa. Kaingia mpaka ndani, akavinyooshea fimbo vile vinara vyako vya mishumaa vyenye nyoka.

"Nyoka ndiye huyo, bibi yake alikuwa anamlisha samli," akawaambia. "Bibi kaenda Mwanza, nyoka kabaki na njaa. Sasa anakula ndama zangu."

Unanijua, maneno hunikwama. Nilitaka kusema ni chuma tu, kilifuliwa Ufaransa, yule padri mzee uliyekuwa unampikia misheni alikuachia siku anarudi kwao. Kwamba samli ulipaka ili kisishike kutu. Nikasema tu, "Ni vya mishumaa." Wakacheka.

Nakumbuka Jumamosi zako. Unakaa mlangoni na kitambaa, unampaka nyoka aliyejizungusha kwenye kinara, halafu bundi wa juu, halafu zile kucha za simba chini. Mimi nimekaa mbali, naogopa. Ukanicheka: "Njoo umshike. Huyu hali mtu, anakula giza." Watu wakipita wanakusalimia, "Mwadila, mayu," na wewe unaitika huku mkono unapaka. Kumbe walikuwa wanauangalia huo mkono.

Sasa ng'ombe wamekauka kwa kiangazi, samli hakuna. Kutu imemtoka nyoka mdomoni, nyekundu. Kijana mmoja kaigusa, kanusa kidole, akasema damu. Ndipo Masanja akaniuliza taratibu, "Na macho ya bibi yako, bado mekundu? Anarudi lini?"

Ni moshi wa jikoni uliokuharibu macho, mimi najua. Wao habari ya moshi hawaitaki, kwao macho mekundu ni ya mchawi. Hata daktari akikuruhusu, Bibi, usipande basi la Bariadi mpaka nije kukuchukua mwenyewe. Nyumba imekuwa kubwa bila wewe, lakini usije. Simu ya shangazi huko Mwanza haipatikani, barua hii nitampa konda.

Lazima niondoke sasa. Vinara nimevitia kwenye kiroba, nampelekea padri wa sasa, yeye awaeleze, maana wakirudi na wenzao wakavikuta humu, siku ukirudi hawatakuacha hai. Njia ya misheni ni hii moja, inapita mlangoni kwa Masanja. Namwona toka hapa. Kakaa nje na fimbo yake, anaangalia huku.

Mjukuu wako